Kundi lenye kikomo (mkusanyiko wa mageuzi yenye idadi maalumu, yanayosogeza nukta za kitu) linaweza kuacha nukta moja tu isiyosogea kwenye kitu chenye homolojia ya tufe, yaani chenye hesabu ya matundu sawa na ya tufe?

Kundi likiwa na oda (idadi ya elementi) pᵏ, p namba tasa, haiwezekani. Namba ya Euler (vipeo − kingo + nyuso, na kuendelea hivyo) ya nukta zisizosogea hulingana na ya nafasi nzima kwa modulo p, yaani tofauti yao hugawika kwa p. Tufe lina 0 au 2, nukta moja ina 1. Tofauti ni 1, na hakuna p inayoigawa. Basi.

Makundi mengine ndiyo yanayovuruga. Chukua A₅, yaani mizunguko 60 ya ikosahedroni, itende kwenye SO(3)/A₅, yenye homolojia ya S³ (tufe la vipimo vitatu). SO(3) ni kundi la mizunguko yote ya nafasi ya vipimo vitatu, na kila nukta ya SO(3)/A₅ ni koseti gA₅: seti ya mizunguko ga, a ikiwa elementi yoyote ya A₅. Koseti gA₅ haisogei iwapo tu g⁻¹A₅g = A₅, na ndani ya SO(3) hilo hutimizwa na g zilizomo A₅ peke yake. Inabaki koseti moja. Ila usiichanganye na S³ yenyewe: kundi la msingi (la vitanzi) la SO(3)/A₅ lina elementi 120, ilhali la S³ lina moja tu.