Barua kwa mwanangu: kuhusu glovu, na harusi iliyosogezwa

Mwanangu mpendwa,

Nimeupokea ujumbe wako unaoniuliza kama mwanafunzi wa uuguzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo anaweza kukataa kumhudumia mzazi anayejifungua pale glovu zinapokwisha wodini, bila kuhesabiwa mtovu wa nidhamu. Nimelisoma swali hilo mara tatu, na kila mara najikuta nikijibu jingine: siku utakapochomwa na sindano, utamwambia nani kwanza?

Unajua kwamba harusi yetu ilisogezwa kutoka Desemba 1995 hadi Aprili, na bibi yako hadi leo huwataja ng'ombe wa mahari ambao hawakuwa wametimia. Ng'ombe walitimia mapema. Kilichochelewa ni majibu ya damu yangu. Nilikuwa mwaka wa pili, zamu ya usiku, wanafunzi wawili na muuguzi mmoja kwa wodi nzima. Nilimtoa mgonjwa damu, na nilipokuwa nikirudishia kifuniko cha sindano kwa mikono miwili, kama tulivyozoea sote wakati ule, ncha ilipenya glovu ikaingia kwenye kidole gumba. Asubuhi msimamizi aliniuliza nani alinituma kuichukua damu ile. Hakuuliza kama nimeumia. Nilijibu kwamba nilijituma mwenyewe, na uongo huo ndio unaonichoma hadi leo, kwa sababu aliyenituma alikuwa amesimama palepale akikunja shuka.

Dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI baada ya kuchomwa, yaani ARV, hazikuwapo kwa mtu kama mimi. Mpango wa taifa wa kutoa ARV ulianza nchini mwetu mwaka 2004. Nilisubiri miezi mitatu. Nilimweleza baba yako, naye akasema tutasubiri pamoja, na hadithi ya ng'ombe akaizua yeye.

Ninyi mnazo dawa hizo. Mtu huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua, kisha huanza dawa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na kuzimeza kwa siku 28. Kwa damu yenye virusi vya UKIMWI, hatari ni takriban watu 3 katika kila 1,000 wanaochomwa; kwa homa ya ini aina ya B, asiyechanjwa aweza kufikia hata 300 katika 1,000. Lakini saa 72 hazimfai kitu mwanafunzi anayekaa siku nne akitafuta maneno ya kumwambia msimamizi wake. Nimelisema hili mezani mpaka kaka yako huniigiza: mwanafunzi huja wodini kujifunza, si kuziba pengo la zamu.

Nikishasema hivyo, najipinga mwenyewe. Mzazi akifika na kichwa cha mtoto kimekwisha kuonekana, utamwambia asubiri bohari ifunguliwe? Mimi sikuweza, mwaka 1998 nilimpokea mtoto kwa mikono mitupu, na sijuti. Lakini nilikuwa nimehitimu, nalipwa mshahara, na niliweza kupaza sauti mbele ya matroni bila kuhofia alama za mtihani. Wewe huna kinga hiyo. Au labda najitafutia udhuru, kwa sababu damu haimuulizi mtu kama amehitimu. Mwanafunzi huja kujifunza, nasema tena, na hapo hapo nakumbuka yule mtoto alivyolia.

Kuhusu sista aliyekwambia utumie akili badala ya glovu, neno ninalo, na lilikwisha kufika kwenye ncha ya ulimi. Nalizuia kwa kuwa sikuwapo, wala sijui alikuwa amebakiwa na jozi ngapi kwa usiku ule. Nalizuia kwa shida sana.

Kadi yako ya chanjo ya homa ya ini uliiacha kwenye droo ya kabati. Dozi ya kwanza ulichomwa Januari, kwa hiyo ya tatu ilipaswa kuwa Julai, na nafasi yake ni tupu. Baba yako ataituma kwa basi la kesho asubuhi.

Mama yako