Wakili anataka daftari langu la vikao. Nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mnasihi, nina ofisi ya chumba kimoja Sinza. Vikao vya wateja wote naviandika kwenye kaunta buku moja, kwa kufuata tarehe. Sasa mteja wangu mmoja yuko kwenye kesi ya talaka, na wakili wa mumewe ameniletea barua anataka nakala ya "maelezo yote ya vikao". Mle kuna mambo mazito, pamoja na kipindi alichotamani kufa. Mwenzangu ananishauri nizinakili upya kurasa hizo zikiwa safi, halafu niwe na daftari la pili la siri. Ni sahihi? Na kwa kawaida niandike nini, niache nini?

JIBU: Pole sana, dada. Tuanze na lisilosubiri: usichane wala usinakili upya hata ukurasa mmoja. Daftari likiguswa baada ya barua kufika, utaonekana unaficha ushahidi, hata kama ulichoondoa kilikuwa jambo dogo tu.

Barua ya wakili ni ombi, si amri ya mahakama. Mjibu kwa maandishi, mistari mitatu inatosha: huthibitishi wala hukanushi kwamba mtu huyo ni mteja wako, na taarifa za mteja yeyote hazitoki bila ridhaa yake ya maandishi au amri ya mahakama. Usimpigie simu ili "muelewane", maana kwenye simu utajikuta umeshakiri kwamba unamfahamu. Kisha mwite mteja, mwonyeshe barua, aamue akiwa na wakili wake. Akiridhia, fomu ya ridhaa itaje kinachotoka, kinakwenda kwa nani, kwa kazi gani, na ridhaa inakoma lini. Ikija amri ya mahakama, isome neno kwa neno kabla hujafungua kabati. Ikitaka tarehe za mahudhurio, toa tarehe za mahudhurio basi. Ikitaka zaidi, wakili wako aombe kama muhtasari utatosha. Toa nakala, isipokuwa mahakama yenyewe imedai karatasi halisi.

Hapo ndipo kaunta buku moja inapoumiza. Kikao cha mteja huyu kinaanzia pale cha mwingine kilipoishia, kwa hiyo ukitoa nakala ya ukurasa unatoa watu wawili. Lifunge daftari hilo lilivyo, liweke chini ya kufuli, na kama siku moja litanakiliwa, funika kwa karatasi sehemu za wengine. Kuanzia leo kila mteja awe na faili lake lenye namba juu, mfano 2025/014, bila jina. Orodha inayounganisha namba na majina ikae mahali pengine kabisa. Na kama mlangoni una daftari la wageni ambapo kila anayekuja anaandika jina na "sababu ya kuja", liondoe leo hii. Anayeandika mstari wa nane anasoma saba iliyotangulia.

Kuhusu daftari la pili. Wazo hili wengi wetu tumelisoma kwenye vitabu vya Marekani, ambako kanuni za HIPAA, sheria yao ya usiri wa taarifa za afya, zinayapa ulinzi wa ziada maelezo binafsi ya mtaalamu yaliyotengwa na faili. Ulinzi huo ni wa kwao. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni taarifa nyeti hata zikiandikwa nyuma ya risiti. Mteja ana haki ya kuomba kuziona, na wewe unayezikusanya unapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo usijenge usiri wako juu ya daftari la kufichwa, ujenge juu ya kuandika kinachohitajika tu.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: kila sentensi ijibu ama hali ya mteja ikoje, ama umefanya nini na kwa nini, ama kinachofuata ni nini. Chukua maandishi kama haya: "Amekuja analia. Mumewe anafanya kazi benki, ana hawara Mbagala, shemeji yake aliwaibia. Ni mtu wa kujihurumia sana." Humo wamefichuliwa watu watatu ambao hawajawahi kukanyaga ofisini kwako, na hukumu ya mwisho ni yako, haina ushahidi. Kikao hichohicho kingeandikwa hivi (PHQ-9 ni dodoso la maswali tisa la kupima sonona, na swali la 9 huuliza mawazo ya kufa au kujidhuru):

"12/6/2025, 16:00–16:50, kikao cha 4, ana kwa ana. Anaeleza migogoro ya ndoa. Amekosa usingizi siku 5 kati ya 7. Amelia mara mbili kikaoni. PHQ-9: 14 (kikao cha 1: 19). Swali la 9: alama 1. Anasema 'natamani nilale nisiamke'. Hana mpango wala njia aliyoandaa. Anataja watoto kama sababu ya kuishi. Tumefanya: ratiba ya usingizi, mpango wa usalama, nakala amepewa. Kinachofuata: kikao 17/6, PHQ-9 irudiwe."

Tazama saa: 16:00. Chagua mfumo wa saa 24 na usiuache, kwa sababu "saa 4" tupu kwetu ni asubuhi au usiku, na kwa anayesoma kizungu ni jioni. Andika siku hiyohiyo. Ukichelewa, kumbukumbu huanza kujazia yenyewe. Ukikosea, piga mstari mmoja ili la zamani lisomeke, andika sahihi, weka tarehe na saini fupi. Wino mweupe marufuku.

Kuhusu kutamani kufa, najua hofu yako: kujaribu kujiua bado ni kosa chini ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo wengine huacha kuandika kabisa. Usiache. Tenganisha kwa maneno yake mwenyewe mawazo, mpango na jaribio. Mawazo si kosa, na kuyaandika "jaribio" kwa uzembe wa kalamu kunaweza kumdhuru mteja. Na mabaya yakitokea huku faili liko kimya, litasomeka kwamba hukuuliza. Jaribio la zamani liandike kwa kifupi: mwaka, na kama alitibiwa. Ukimpa rufaa, peleka kile tu daktari anachohitaji. Kwa mtoto anayedhulumiwa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa. Faili lionyeshe saa, afisa uliyemweleza, na ulichomweleza. Mipaka hii ya usiri mteja aisikie kikao cha kwanza na aisaini.

WhatsApp iwe ya kupanga miadi tu. Nakala yake ya akiba huenda Google Drive, na ufunguo wa kuilinda lazima uuwashe mwenyewe. Picha nazo hujihifadhi kwenye gallery, ambayo fundi wa simu Kariakoo ataiona.

Muda wa kutunza uchague na uuandike kwenye fomu ya ridhaa. Mwongozo wa wanasaikolojia wa Marekani wa 2007 unapendekeza miaka 7 baada ya huduma ya mwisho, na kwa mtoto hadi miaka 3 baada ya kufikia utu uzima, kutegemea ipi inachelewa zaidi. Muda huo ukifika, karatasi zikatwekatwe vipande vidogo au zichomwe hadi majivu, wewe ukiwepo. Zisitupwe na zisiuzwe kwa kilo: karatasi za ofisi mjini huishia kufungia karanga, na wanunuzi wa karanga wanajua kusoma.