Pesa ya Ruaha haifiki yenyewe Iringa mjini

Vijana wengi wanaomaliza vyuo hapa Iringa wakiniambia wanataka kuingia kwenye utalii, wanakuwa na kazi mbili kichwani: kuongoza wageni au kuendesha gari la hifadhini. Ni kazi za heshima. Lakini mimi nimesomesha watoto kwa kuuza mboga, mayai na kuku kwenye kambi za watalii za njia ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na ningependa wadogo zangu waione biashara hii kwa upande wa jikoni, maana huko ndiko pesa inakosimama au inakopitiliza.

Tunaambiwa kila mara kwamba utalii unachangia takriban asilimia 17 ya pato la taifa na robo ya fedha za kigeni. Hiyo ni hesabu ya nchi nzima, na sehemu kubwa yake iko Kaskazini na Zanzibar. Huku kwetu mgeni anaweza kutua kwa ndege ndogo Msembe, ndani kabisa ya hifadhi, akalala kambini, akala nyama na jibini vilivyoletwa kutoka Dar es Salaam, akapanda ndege akaenda zake. Serikali imepata kiingilio na kodi, vijana kadhaa wa Idodi na Tungamalenga wamepata mshahara, na soko la Iringa halijajua kama alikuja. Mwingine anakuja na gari, analala mjini, anajaza mafuta, anafuliwa nguo, ananunua kikapu. Kwa hiyo mtu akinitajia idadi ya watalii, namuuliza wamelala wapi na walichokula kimenunuliwa kwa nani.

Sasa tuje kwenye kuuza. Mpishi wa kambi hanunui kama mama anayekuja sokoni na kikapu chake. Anataka kitu kilekile, ukubwa uleule, siku ileile ya wiki. Trei ya mayai ataiinua juu na kuitazama kwa chini, na yai lenye uchafu au ufa analitoa mbele yako. Nyanya za Ilula ni nzuri mno, ila ukizinunua zimeshaiva nyekundu, ile barabara ya vumbi itakufikisha na rojo. Chagua zilizoanza tu kugeuka rangi, zitaivia jikoni kwao. Saladi ikatwe alfajiri, ipangwe kwenye kreti, ifunikwe kwa gunia lililoloweshwa, na gari liwe limeondoka kabla jua halijawa kali. Ni zaidi ya kilomita 100 mpaka getini, na saladi iliyolegea hurudi na gari lilelile, nauli juu yako.

Kuhusu malipo, jiandae. Kambi nyingi hulipa baada ya mwezi, na hawawezi kukulipa bila risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, na namba ya mlipakodi. Mkulima wa Ilula yeye anataka chake papo hapo. Katikati hapo ndipo wengi huanguka, ingawa bidhaa zao ni safi. Usichukue oda ya kambi kama huna mtaji wa kuzungusha wiki kadhaa, au kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA kitakachokukopesha kwa riba unayoimudu. Anza na kambi moja, tena kwa bidhaa mbili tatu tu.

Halafu kuna msimu. Wageni wa Ruaha hujaa Juni hadi Oktoba. Masika yakishika, barabara za hifadhini zinakuwa tope na baadhi ya kambi hufunga. Lazima uwe na wateja wa mwaka mzima: shule za bweni, migahawa ya barabara kuu ya Mbeya. Na hapa nina neno kwa waongoza wageni. Maua ya Kitulo, ile nyanda ya juu ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, huchanua kuanzia Desemba hadi Aprili, kipindi kilekile Ruaha inapopoa. Anayejifunza wanyama na maua pia ana kazi miezi mingi zaidi kuliko anayejua simba peke yake.

Wenye nyumba za wageni, faida yenu iko kwenye usiku wa pili. Mgeni anatoka Ruaha mchana, kichwani ana Mikumi. Mwambie kuhusu Isimila, kilomita 20 hivi kwa njia ya Mbeya, kwenye zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo ndefu zilizochongwa na mmomonyoko. Mwambie kuhusu Kalenga, linakohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ongeza makumbusho ya Boma hapa mjini, siku imejaa, naye atalala tena. Mhudumu wa mapokezi ambaye hajawahi kufika Isimila hawezi kuyasema haya akaaminika, kwa hiyo mpelekeni.

Ndugu zangu wa Mbeya, hali yenu ni hiyohiyo. Watu wanaona Daraja la Mungu na Ziwa Ngosi, jioni wanarudi mjini mikono mitupu. Pale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, vyungu vya Wakisi huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, na mgeni anavipenda kweli, anavishikashika, kisha anaviacha kwa kuhofia vitavunjika safarini. Weka majani makavu ya mgomba na boksi gumu palepale, umfungie mbele ya macho yake.

Kuna jambo linaniumiza, nalo ni maji. Tangu miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi, na moja ya sababu ni maji yanayochepushwa kumwagilia mashamba ya mpunga bonde la Usangu. Tunaoishi kwa wageni tukae kwenye vikao vya watumia maji na tuseme, kwa sababu viboko wakikosa madimbwi, oda za mayai nazo zitakatika.

Kama unataka kuanza msimu ujao, usingoje Juni. Mwezi wa tano mameneja wanakarabati mahema na kupanga manunuzi. Nenda wakati huo na sampuli kwenye kreti, bei za msimu mzima zikiwa zimeandikwa, na namba ya dereva utakayemtumia.