Kadi inachemka: kipoza kipya au pesti mpya?

SWALI: Assalaam alaykum fundi, shikamoo. Niko Wete, nachora ramani za nyumba na kuzirenda (kuzigeuza picha kamili) kwa programu ya Blender. Kadi yangu ya grafiki ni GTX 1060 ya GB 6, niliinunua ikiwa imeshatumika. Nikianza kurenda joto linafika nyuzi 84 na feni inalia nyumba nzima. Nataka kuagiza kipoza kikubwa cha kampuni nyingine. Nichague kipi?
Mchoraji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Usiagize kitu bado. Ifungue kadi kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu kadi nyingi zinazoletwa mezani kwangu hapa Mlandege na malalamiko kama yako, nikitoa skrubu 4 zilizozunguka chipu nakuta pesti, ile dawa ya kupitisha joto kutoka chipu kwenda kwenye kipoza, imekauka kama chokaa ya ukutani, ukiigusa kwa ukucha inabanduka magamba. Kwenye mapezi ya alumini, yale mabati membamba ya kipoza, vumbi limeshikana na unyevu wa chumvi, hata mwanga wa tochi haupiti. Kulipuliza hakusaidii, linataka brashi laini na spiriti. Futa pesti ya zamani mpaka chipu ing'are kama kioo, tia mpya kiasi cha punje ya mbaazi, kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Kadi yako inakula wati 120 tu, na kipoza chake kikiwa safi kinazimudu.

Hiyo 84 isikutie hofu ya kuungua. Kadi hiyo imepangiwa ianze kujipunguza mwendo ikifika 83, na mpaka wake wa mwisho ni 94. Unachopoteza ni muda.

Kelele ikibaki, toa ganda la plastiki pamoja na feni zake ndogo, uyaache mapezi, kisha ufunge feni za kawaida za kesi (kasha la kompyuta), za milimita 92 au 120, kwa vibano vya plastiki. Tundu la feni kwenye kadi ni dogo kuliko plagi ya feni ya kesi, basi tafuta waya wa kuunganishia. Ukizichomeka kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), mwendo wake kwa kawaida utafuata joto la prosesa, si la kadi, na wewe unayerenda kwa kadi hilo litakuponza.

Ukishikilia kipoza kizima, pima kabla ya kulipa. Chukua rula, pima kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi katikati ya jirani yake, kwa milimita, kisha linganisha na orodha ya kipoza. Halafu pima nafasi ndani ya kesi. Kipoza cha Raijintek Morpheus, kwa mfano, huuzwa bila feni na hubeba 2 za milimita 120. Feni ya kawaida peke yake ina unene wa milimita 25, na nafasi moja ya kadi ni milimita 20 na kidogo, basi feni tu inazidi nafasi moja. Kwa wati 120 mimi nisingekununulia hicho. Ningekitia kwenye kadi inayokula mara mbili ya yako.

Sasa lile linaloniuma. Kipoza kipya mara nyingi hukamata chipu kubwa tu. Chipu 6 za kumbukumbu na vidhibiti vya umeme vilivyokuwa vikipozwa na bati la zamani hubaki uchi, navyo hubandikiwa vipande vidogo vya alumini kwa gundi. Niliwahi kuvibandika siku ya masika, sikufuta mafuta kwa spiriti, wala sikuviacha vikashika. Baada ya wiki 2 kimoja kilibanduka, kikalalia miguu ya vidhibiti, kadi ikafa. Ilikuwa ya kijana aliyekuwa akiitegemea kwa kazi, nikamlipa. Tangu siku ile nabandika kadi ikiwa imelala chali, chipu zikitazama juu, kila kipande nakikandamiza kwa kidole, na siiwashi mpaka kesho yake.

Na hiyo 84 uliipima lini? Wakati wa kaskazi chumba chenyewe kina joto 32, na hakuna feni itakayoishusha kadi chini ya joto la hewa inayovutwa na feni hiyo. Fungua ubao wa kesi wa pembeni, renda dakika 20, usome tena. Likishuka kwa nyuzi 8 au 10, tatizo si kipoza cha kadi, ni kesi isiyopumua. Tia feni moja ya mbele.

Nitumie namba zote mbili za joto, kesi ikiwa imefungwa na ikiwa wazi, na umbali wa yale matundu.