Unakwenda kutibu kisiwani? Boti isiondoke bila wachangia damu

Mkuu, umeuliza nyumba, posho, sola, intaneti, na ubebe dawa gani. Sawa. Ila kuna sentensi umeichomeka katikati kama kitu kidogo: kwamba huko Ukerewe ulikopangiwa, kesi nzito utaandika rufaa wapande boti kwenda hospitali ng'ambo, basi. Hiyo "basi" ndiyo iliyonimaliza mimi.

Nimefanya kazi visiwa vya wavuvi humo humo Ziwa Victoria, upande wa Kagera. Niliyempokea kituo, Mungu amsamehe maana mimi bado, alinipa mafunzo yote pale pale mwaloni akiwa kashika begi lake: dokta, huku kazi yako ni kalamu. Leo nasikia yuko mjini anatoa semina za rufaa.

Mama kajifungua vizuri, kisha damu ikafunguka. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, uniti 10 nikachoma, kizazi nikakisugua, dripu ikapanda. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, ile gramu 1 inayotakiwa kuingia ndani ya saa 3 tangu kujifungua, hatukuwa nayo. Nikaandika rufaa kwa mwandiko safi kabisa. Nahodha akasema mtumbwi umejaa, wapungue. Nikawashusha mume na shemeji wawili, vijana wa dagaa wenye afya zao. Tukabaki mimi, mgonjwa, mama mkwe, ndoo, sufuria na kuku. Ndiyo, kuku. Mama mkwe alitaka supu ya mzazi.

Tukavuka usiku. Mgeni hudhani usiku ziwa limelala. Mchana upepo hutoka majini kwenda nchi kavu na mvua huufuata huko; usiku unageuka, na radi zinakukuta katikati ya maji. Tulifika tumelowa, mgonjwa viganja vyeupe. Maabara wakasema kundi O, na wa O hapokei ila O. Friji ilikuwa na A tu. Wakauliza, ndugu wa kuchangia wako wapi? Nikamtazama kuku.

Aliokolewa na watu waliokuwa wakiuguza wagonjwa wao wodini. Alipona, lakini kizazi kilitolewa, na yule alikuwa mtoto wake wa kwanza. Wachangiaji wake nilikuwa nimewashusha kwa mkono wangu.

Kwa hiyo ndugu wazima wawili au watatu wapande kabla ya sufuria, hata nahodha akinuna. Usithubutu kuwatoa damu hapo zahanati ukamwekea mgonjwa; damu isiyopimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende ni balaa jingine. Watatolewa ng'ambo. Piga simu kabla injini haijawashwa, utaje kundi la mgonjwa ili waanze kutafuta. Utalijuaje? Wajawazito wapimwe kundi kliniki, liandikwe kwenye kadi.

Wala si uzazi tu. Ukerewe utapata watu wazima wanaotapika damu kwa kichocho kilichokwisha kuharibu ini, na hao hawapigi hodi mchana. Kwao pia ni yale yale, ndugu kwanza, mizigo baadaye.

Sola: betri ikifa, friji ya oksitosini nayo imekufa, ilinde hiyo kabla ya kuchaji simu.

Sasa nijibu wewe: hicho kituo chako kina kipimo cha kundi la damu? Kama hakina, kidai wilayani kabla hujavuka.