Maziwa ya Mama Hayachemshwi: Niliyojifunza Baada ya Kurudi Kazini

Nilipomaliza likizo ya uzazi ya siku 84 na kurudi kazini jijini Dar es Salaam, nilimwachia mama mkwe mtoto pamoja na vikombe vitatu vya maziwa niliyoyakamua alfajiri. Siku ya nne niliwahi kurudi, nikamkuta amesimama mbele ya jiko la gesi, maziwa yangu yakitoa mapovu pembeni mwa sufuria, naye akisubiri yachemke sawasawa kama anavyochemsha maziwa ya ng'ombe. Alikuwa anamlinda mjukuu wake, na mimi sikuwa nimemweleza lolote.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenifafanulia kinachopotea. Maziwa ya mama yana protini za kinga, na kila moja ina kazi yake: kingamwili za IgA, ambazo mwili wa mama huzitengeneza dhidi ya vijidudu anavyokutana navyo katika mazingira yake, hutanda kwenye utumbo wa mtoto na kuvizuia vijidudu hivyo visijishike, laktoferini hukamata madini ya chuma ambayo bakteria wengi huyahitaji ili wazaliane, laisozaimu nayo hubomoa kuta za bakteria. Kazi hizo zinategemea umbo la protini, na moto huliharibu umbo hilo kama unavyougeuza ute wa yai kuwa mweupe na mgumu, usiweze kurudi ulivyokuwa.

Baridi haina ukali huo. Maziwa yakikaa kwenye friji kwa siku chache, sehemu kubwa ya protini hizi hubaki salama. Kuyagandisha huua chembe hai za kinga zilizomo, lakini kingamwili huvumilia vizuri zaidi, ingawa laktoferini huendelea kupungua kadiri miezi inavyopita. Kwa sababu hiyo, akiba ya friza naitunza kwa siku za dharura, na maziwa niliyokamua jana ndiyo anayokunywa leo.

Ipo hali moja ambayo joto ni la lazima. Benki ya maziwa ya Hospitali ya Pumwani jijini Nairobi, iliyoanza mwaka 2019, hupokea maziwa ya akina mama wengine kwa ajili ya watoto wachanga wanaoyakosa, na maziwa ya namna hiyo hupashwa hadi nyuzijoto 62.5 kwa dakika 30 ili kuua virusi na bakteria. Laktoferini hupungua sana, IgA hupungua kwa kiasi, lakini kwa njiti asiye na maziwa ya mama yake hayo bado ni bora kuliko ya kopo. Wewe unayemkamulia mwanao mwenyewe nyumbani, ukiwa na afya njema na vyombo vyako ni safi, huna haja ya kuyapitisha motoni.

Ninachowashauri wenzangu ni kuzingatia zaidi saa ile ya kupasha, kwa maana hapo ndipo kazi yote ya alfajiri inapoweza kuharibika kwa dakika mbili. Chukua bakuli la maji ya uvuguvugu, weka kikombe cha maziwa ndani yake, subiri, kisha uyazungushe taratibu ili mafuta yaliyopanda juu yachanganyike. Usitumie maikrowevu, kwa kuwa hupasha sehemu moja kupita kiasi huku nyingine ikibaki baridi. Katika friji maziwa yasizidi siku nne. Nje, kwenye joto la hadi nyuzi 25, yasizidi muda wa saa nne, na kwa joto letu la Februari mimi siyaachi nje hata kidogo. Yaliyoyeyushwa yatumike ndani ya saa 24 wala yasigandishwe tena.

Mama mkwe nilimweleza jioni ile ile, tukiwa tumeketi naye jikoni, kwa mfano wa yai. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mwanangu, nitajuaje kama yamepata moto wa kutosha?" Nikamdondoshea matone mawili ndani ya kiwiko. Akasema hayasikii moto wala baridi, nikamwambia, "Ndivyo hivyo, Mama."