Jibu: Skrini ya hali ya hewa inamaliza betri kwa siku mbili
Mkuu, hiyo betri haina kosa. Umesema ESP32 yako (chipu ndogo yenye Wi-Fi inayoendesha skrini) inakaa kwenye Wi-Fi muda wote ikisubiri joto na unyevu kutoka uani. Chaji inaishia hapo. Ilaze, iamke kila dakika 10, iombe vipimo kwa ESP-NOW (njia ya chipu hizi kutumiana ujumbe mfupi moja kwa moja), ilale tena. Ruta haihitajiki, na baiti 250 za ujumbe mmoja zinatosha kabisa. Ila kifaa cha uani kinachojibu lazima kiwe macho, kwa hiyo kichomeke kwenye umeme.

Skrini nayo weka ya wino wa kielektroniki: maandishi yanabaki hata betri ikichomolewa. Halafu ile taa ndogo nyekundu ya bodi, mimi niliing'oa kwa pasi ya kulehemu. Inakula chaji hata chipu ikiwa imelala.